Mtoto Ana Homa ya Mafua: Maswali Ninayoulizwa Sana Hapa Kigoma

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Ujiji, na watoto wangu watatu nimewalea hapa hapa. Kila kiangazi kinapokolea, vumbi likapanda na upepo wa ziwani ukaanza kuuma alfajiri, napigiwa simu hadi usiku: mama wa Gungu, baba wa Kibirizi, bibi wa Kasulu aliyeachiwa mjukuu. Maswali yanafanana sana, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Yote yanamhusu mtoto wa chini ya miaka mitano. Kama mtoto yuko mapajani anachemka sasa hivi na huna muda, anza na swali la kuhesabu pumzi na lile la malaria. Mengine utayasoma akishalala.

Nitajuaje kama ni mafua ya kawaida au ni homa ya mafua yenyewe?

Mafua ya kawaida huingia kwa hodi. Leo pua inatiririka, kesho anapiga chafya, lakini bado anacheza na kugombania mpira na wenzake. Homa ya mafua, ile ambayo madaktari huiita influenza, haibishi hodi. Asubuhi mtoto alikuwa anakimbiza kuku, jioni amelegea begani kwako, mwili wa moto, macho mazito, kikohozi kikavu, na hataki kushikwa kwa sababu viungo vinamuuma. Mdogo hawezi kukwambia kwamba kichwa kinauma. Atalia, atakataa ziwa, wengine watatapika au kuharisha kidogo.

Homa hukaa siku tatu au nne, mara nyingine hufika wiki. Kikohozi na unyonge huweza kwenda hadi wiki mbili, na hilo peke yake si la kukutia hofu. Mtoto aliyeugua mwaka jana anaweza kuugua tena mwaka huu, kwa sababu kirusi hiki hubadilika mara kwa mara na mwili hukiona kama mgeni.

Ni baridi ndiyo imemletea?

Baridi haina kirusi. Ila baridi ya Juni na Julai, hasa kule milimani Manyovu, hutufungia ndani: madirisha yamezibwa, watoto wanne kitanda kimoja, mmoja akikohoa wote wanavuta. Mvalishe mtoto vizuri, lakini usimgombeze dada aliyemwogesha jioni. Si yeye.

Mafua yanaonekana wazi. Bado kuna haja ya kumpima malaria?

Ndiyo. Hapa Kigoma kila mtoto mwenye homa anapimwa malaria, hata kama kamasi zimejaa usoni.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa malaria ya watoto chini ya miaka mitano: karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa nayo. Majirani zetu wa Tabora nao wako katika mikoa ya juu kabisa. Kwa hali hiyo mtoto anaweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja, na mafua yakaificha malaria. Najua hivyo kwa sababu mwanangu wa pili alichemka siku mbili nikimpa parasetamoli na kujiambia ni mafua tu, nyumba nzima walikuwa wanapiga chafya. Siku ya tatu nikampeleka zahanati. Tone moja la damu kidoleni, robo saa ya kusubiri, na mistari miwili ikatokea kwenye kile kipimo. Zile siku mbili sijazisahau mpaka leo.

Kipimo kikionyesha malaria, atapewa dawa ya mseto: mara mbili kwa siku, siku tatu, dozi zote sita hata kama homa imeshuka baada ya ya pili. Mpe pamoja na chakula au maziwa ya mama, dawa huingia vizuri zaidi mwilini. Kipimo kikisema hana, kubali kwamba hana. Usimnyweshe mseto uliobaki wa kaka yake kwa kukadiria. Homa ikiendelea siku mbili zaidi, rudi akapimwe upya.

Kuhesabu pumzi kunafanywaje, na kwa nini unakusisitiza sana?

Kwa sababu mtoto mwenye homa ya mafua mara nyingi haangushwi na homa. Anaangushwa na nimonia inayofuata nyuma yake, na nimonia huonekana kwenye pumzi kabla haijaonekana kwingine. Kikohozi kinaweza kutisha sana usiku na kisiwe na madhara. Pumzi za haraka zinaweza kuwa kimya kabisa, ukadhani amelala tu.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa usingizini ni bora zaidi. Pandisha kishati mpaka uone tumbo na kifua. Mmoja ashike simu aangalie dakika, mwingine ahesabu. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu halafu ukazidisha, maana watoto wadogo hupumua kwa kurukaruka: haraka kidogo, kisha wanatulia.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukizipata hizo au zaidi, mtoto anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo. Yule wa chini ya miezi miwili, hesabu mara ya pili kuhakikisha, na ikibaki 60 au zaidi toka hapo hapo.

Kisha tazama chini ya mbavu. Kawaida mtoto akivuta pumzi kifua kinatoka nje. Ukiona pale mbavu zinapokutana na tumbo panabonyea ndani kila anapovuta, anatumia nguvu zake zote kupumua na zitamwishia.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba jirani alinigongea na mtoto wa mwaka na miezi mitatu amefungwa kanga mbili. "Amelala tangu magharibi," akaniambia, "homa imepungua, ila sipendi anavyolala." Tukamlaza kwenye mkeka, mama akapandisha kishati, mimi nikashika simu. Mwili haukuwa wa moto sana. Hakuwa anakohoa. Lakini mbavu zilikuwa zinajichora, na mashimo ya pua yanafunguka na kufunga. Nilihesabu 54. Tukapanda bodaboda, mtoto katikati yetu, akawekewa oksijeni usiku ule ule na akarudi nyumbani siku ya nne. Kama mama yake angeangalia joto peke yake, angelala.

Dalili zipi zinanitaka nitoke bila kusubiri asubuhi?

Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu, hata maji. Amepata degedege. Amelegea, huwezi kumwamsha vizuri, au macho yapo wazi lakini hakuangalii. Kifua kinabonyea ndani, au anatoa sauti ya kukoroma akivuta pumzi huku ametulia. Midomo au ulimi umekuwa wa bluu. Kwa mtoto mweusi angalia ndani ya mdomo, hapo ndipo panapoonekana. Hajakojoa kwa saa sita hadi nane, analia bila machozi. Shingo imekakamaa. Au ile hali ambayo nimeiona mara nyingi: alianza kupona, akacheza siku moja, kisha homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kikawa kizito.

Mtoto wa chini ya miezi miwili hana orodha. Akiwa na homa yoyote, au akiwa wa baridi isivyo kawaida, anakwenda. Akiwa bado kichanga wa chini ya siku 28, piga 115, namba ya m-mama, ni bure, wanasaidia usafiri kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Kuna watoto ambao milango yao iko wazi zaidi kwa ugonjwa: mwenye seli mundu, pumu, tatizo la moyo, utapiamlo, anayeishi na VVU, aliyezaliwa njiti. Hao usiwapime kwa kipimo cha kaka zao. Wapeleke mapema, siku ya kwanza.

Parasetamoli nimpe kiasi gani?

Dozi inafuata uzito, na uzito upo kwenye kadi ya kliniki. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa sita homa ikiwepo, isizidi mara nne kwa siku nzima mchana na usiku. Chupa nyingi za dawa ya maji zina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa chupa hiyo, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5, na wa kilo 6 anapata mililita 2 na nusu. Lakini soma lebo kwanza, kwa sababu zipo chupa zenye miligramu 250 katika mililita 5, na ukimpa kipimo kile kile umemzidishia mara mbili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya chai vya majumbani mwetu vinatofautiana sana.

Angalia pia kama umempa dawa nyingine ya mafua yenye parasetamoli ndani yake. Hapo ndipo watu wengi wanazidisha bila kujua, na parasetamoli iliyozidi huumiza ini.

Lengo si kuifuta homa yote. Akipungua moto kidogo akanywa, akatabasamu, dawa imefanya kazi. Na aspirini usimpe mtoto kabisa. Pamoja na homa ya mafua inaweza kuleta ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo.

Dukani wamenipa amoksilini. Nianze?

Kwa mafua, hapana. Antibayotiki huua bakteria, kirusi hakiguswi. Utamharisha mtoto, utatumia hela, na siku atakayoihitaji kweli vijidudu vitakuwa vimeshaizoea. Amoksilini ni dawa nzuri sana ya nimonia, tena ndiyo ya kwanza kutolewa, lakini aiandike mtu aliyehesabu pumzi na kumsikiliza kifua. Akishaiandikiwa, maliza dozi.

Ipo dawa inayopambana na kirusi chenyewe, oseltamiviri. Hiyo ni uamuzi wa daktari, zaidi kwa mtoto aliyelazwa au mwenye hatari kubwa, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo.

Na piritoni? Inamfanya alale.

Hapo ndipo ninapoogopa. Inamlaza kweli, na wewe unadhani amepumzika, kumbe dawa imekuficha hali yake. Mtoto mdogo aliyelevywa na dawa hanywi, hakohoi makohozi yakatoka, na pumzi zake zinaweza kupungua nguvu. Haiponyi mafua. Dawa za maji za kikohozi nazo usimpe mtoto huyu mdogo, hasa zenye kodeini. Kikohozi ndicho kinachosafisha kifua chake.

Pua imeziba, ananyonya kidogo anaachia na kulia. Nifanyeje?

Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu. Katika kikombe cha robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka isionekane. Mlaze mtoto chali mapajani mwako, kichwa kimeinama nyuma kidogo, na umdondoshee matone mawili au matatu kila tundu kwa bomba safi. Atapiga chafya, atakasirika, atakunja uso wote. Subiri kidogo. Kisha chukua kitambaa laini safi, kisokote ncha iwe kama utambi, ingiza kidogo tu, kamasi zitashika na kutoka kama uzi. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala. Maji ya chumvi tengeneza mapya kila siku.

Usimvute kamasi kwa mdomo wako. Najua mama zetu walifanya hivyo kwa mapenzi, lakini unapokezana naye vijidudu.

Bibi yake anataka kumdondoshea mafuta puani, na kumfukiza.

Bibi anampenda mjukuu, kwa hiyo usimkatalie kwa ukali. Mwambie hivi: mafuta yoyote, yawe ya mawese, ya nyonyo au ya nazi, yakidondoshwa puani yanaweza kushuka kwenye mapafu na kukaa humo yakaleta nimonia ambayo dawa haiwezi kuiondoa. Mawese tuyatie kwenye chakula chake. Ile rangi nyekundu inajenga vitamini A, na hapo bibi atakuwa amemsaidia kweli.

Nyungu ni ya watu wazima. Sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto anayerusha miguu ni ajali inayosubiri kutokea. Vidonda vya moto vinamuumiza kuliko mafua. Kivumbasi au mkaratusi viwekwe mbali naye. Dawa za kuchua zenye kafuri asipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili, na mkubwa asipakwe puani wala mdomoni.

Asali sisi huku tumebarikiwa nayo, ya Kibondo na ya kwa jirani zetu Tabora. Mtoto aliyetimiza mwaka mpe nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima kabla ya kulala, inatuliza koo kuliko dawa nyingi za dukani. Aliye chini ya mwaka asionjeshwe hata kwa kidole: asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza kwenye utumbo mchanga.

Wanasema kikohozi hiki ni kimeo, kikatwe.

Naomba usome hili mpaka mwisho, hata kama umeshaamua.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, wewe, mimi, na mkataji mwenyewe. Mtoto akikohoa sana kinavimba na kuwa chekundu, kama macho yanavyokuwa mekundu ukilia. Kwa hiyo mtu akimfungua mtoto mdomo akaona kimevimba, amekiona kweli. Kosa lake ni kudhani kimeo ndicho kimeleta kikohozi, wakati kikohozi ndicho kimekivimbisha kimeo.

Na kwa nini watu husema, "tulikata, akapona"? Hesabu siku. Mtoto alianza kukohoa Jumatatu. Wiki moja wakavumilia. Siku ya kumi wakaenda kwa mkataji. Siku ya kumi na nne kikohozi kikaisha, kama ambavyo kikohozi cha mafua huisha siku hizo hizo bila kuguswa. Mkataji akapata sifa. Lakini yule aliyevuja damu usiku kucha, aliyepata pepopunda, aliyeshindwa kumeza akakauka maji, aliyekatwa kwa wembe uliomkata mwingine mwenye VVU, habari zake hazitangazwi sokoni. Mama zao huwa wanakaa kimya, na mimi nimekaa nao kwenye mikeka yao.

Kikohozi kisichoisha kina sababu, na sababu hiyo inatafutwa kwenye kifua.

Na meno ya plastiki?

Ni fizi za kawaida zinazojiandaa kutoa meno. Homa na kuharisha havitoki huko. Asing'olewe kitu.

Amepata degedege! Nifanye nini?

Mlaze ubavu, mahali pasipo na jiko wala ngazi. Legeza nguo shingoni. Usitie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Angalia saa. Nyingi huisha ndani ya dakika chache, ingawa kwako zitakuwa ndefu kama usiku mzima. Ikiisha mpeleke hospitali. Ikipita dakika tano, usisubiri iishe, nenda nayo hivyo hivyo ukiwa umemlaza ubavu.

Homa inayopanda ghafla inaweza kumtikisa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na wengi wao hupona bila dosari. Lakini malaria kali iliyofika kichwani huanza hivyo hivyo, na homa ya uti wa mgongo pia, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana nasema hospitali hata kama ameshaamka na anaomba uji.

Wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji. Imani hiyo ina historia ya machungu: watoto walichelewa, wakafika hospitali katika pumzi za mwisho, sindano ikachomwa, wakafa, na sindano ikabeba lawama. Saa zilizopotea kabla yake ndizo zilizowaua.

Hataki kula kabisa.

Mtoto mgonjwa asipokula siku mbili si msiba, asipokunywa ndiyo hatari. Anayenyonya anyonye mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi mfupi. Aliyevuka miezi sita mpe kidogo kidogo kwa kijiko: maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, supu ya samaki wa migebuka iliyochujwa miiba mpaka ukahakikisha kwa vidole vyako, papai au ndizi iliyopondwa. Vijiko viwili kila dakika kumi vinafika mbali. Akiharisha, mpe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na uulize zahanati kuhusu zinki.

Hamu ikirudi, muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Kadi ya kliniki itakuonyesha alivyoporomoka, na huo ndio muda wa kuvirudisha vile vigramu.

Nimfunike atoe jasho?

Hapana. Nguo moja nyepesi, shuka jepesi, dirisha wazi. Blanketi mbili juu ya mtoto anayechemka zinapandisha moto. Wala usimtie kwenye maji baridi, atatetemeka na joto la ndani litazidi. Kumwogesha kwa maji ya vuguvugu ni sawa kabisa, na alale ndani ya chandarua kama kila siku.

Mimi mwenyewe naumwa. Ninyonyeshe?

Nyonyesha. Maziwa yako tayari yana kinga dhidi ya kirusi kile kile ulichonacho. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, funika pua na mdomo kwa barakoa au kanga safi, usimpigie chafya usoni. Ukizidiwa, kamua, mwingine amnyweshe kwa kikombe.

Moshi una shida gani? Tumekulia humo.

Tumekulia humo, na wenzetu wengine hawakukua. Moshi wa kuni unaumiza njia za hewa za mtoto na kuifungulia nimonia mlango. Mama anayepika na mtoto mgongoni anavuta naye moshi ule ule. Katika siku za ugonjwa mtoto abaki barazani na mtu mwingine. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kwa ajili ya joto: hewa yake yenye sumu haina harufu, na familia huondoka usingizini.

Kuna chanjo?

Ya homa ya mafua ipo duniani, hutolewa kila mwaka kuanzia mtoto akiwa na miezi sita, lakini haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida ya watoto. Zilizomo ndizo zinazozuia yale mabaya yanayofuata: ya nimonia na ya pentavalenti (inayokinga magonjwa matano kwa pamoja), wiki ya 6, ya 10 na ya 14; ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18. Fungua kadi uone kama kuna kisanduku kitupu. Surua, kumbuka, huanza kama mafua haya haya, macho mekundu na kikohozi, kabla vipele havijatoka.

Lini arudi chekechea?

Akikaa saa 24 bila homa na bila dawa ya homa. Huambukiza tangu siku moja kabla hajaonekana mgonjwa hadi siku tano au saba baadaye, wadogo hata zaidi. Kikombe chake kiwe chake, na mikono ya nyumba nzima ioshwe kwa sabuni. Kichanga akiwepo, asilale na mgonjwa.

Tuko kijiji cha mwambao, usiku hakuna boti.

Kwa watu wa Kagunga, Kalya na vijiji vingine ambako boti ndiyo basi lenu, uamuzi ufanyike kabla jua halijazama. Saa kumi jioni hesabu pumzi, mpe maji uone kama anameza, mtazame macho. Ukiwa na shaka saa hiyo, ondoka, usiseme tutaona kesho. Mfanye mwenye boti na mhudumu wa zahanati wawe namba mbili za kwanza kwenye simu yako, na nauli ya dharura ikae mahali ambapo baba na bibi wote wanapajua. Ukikwama usiku, mpeleke zahanati ya kijiji hata kama ni ndogo. Wana kipimo cha malaria na dawa za kuanzia, na wanaweza kuwasiliana na hospitali kubwa kama Maweni ili mkifika mnasubiriwa. Njiani mfunike upepo, mpe ziwa akiweza, na kichwa chake kiwe juu kidogo.

Wiki ya tatu sasa, homa imeisha lakini bado anakohoa.

Kama anakula, anacheza na uzito unapanda, huenda ni mabaki tu. Lakini kikohozi kilichozidi wiki mbili hupelekwa kuangaliwa, hasa kama uzito umeganda, anatoka jasho usiku, au nyumbani yupo mtu mzima anayekohoa muda mrefu; hapo tunatafuta kifua kikuu, na dawa zake ni bure. Akikohoa mfululizo mpaka anageuka rangi, kisha anavuta pumzi kwa mlio na kutapika, taja neno kifaduro kwa daktari. Nenda na kadi ya kliniki, majina ya dawa ulizokwishampa, na yule babu anayekohoa pia aende, wapimwe siku moja.